Udongo wa Bustani Zetu Unatoka Shambani kwa Nani?

Ukitoka Tegeta kuelekea Bagamoyo, ukapita Boko na Bunju, ukavuka Mto Mpiji na kuingia Mapinga, Kerege, Zinga hadi Kiromo, utaona jinsi ukanda huu ulivyogeuka kuwa mji mmoja mrefu. Viwanja vinauzwa, kuta zinapanda, na pande zote mbili za barabara kuna mtu anayeuza kitu cha ujenzi: tofali, nondo, kokoto, milango. Nyumba ikishapakwa rangi na geti likishafungwa, inafika zamu ya vitalu vya maua na marundo ya udongo mweusi.

Katika vyote hivyo, udongo ndio pekee unaonunuliwa bila kipimo. Mwenye nyumba anahesabu mifuko ya saruji. Anahesabu nondo, na tofali lililovunjika njiani halilipii. Ikifika zamu ya udongo anaambiwa "tripu", naye analipa tripu, bila kujua tripu hiyo ina ujazo gani wala bustani yake inahitaji kiasi gani. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya udongo unaomwagwa kwenye viwanja vya Mapinga, Kerege na Bagamoyo hauhitajiki, na kila gari lisilohitajika ni kipande cha shamba kilichochunwa bure katika bonde fulani la Mkoa wa Pwani.

Sisemi kwamba watu wananunua udongo kwa anasa. Ardhi ya pwani hii ni ngumu kwa mwenye kutaka bustani. Juu ni mchanga, mweupe au wa kijivu, unaopitisha maji upesi kabla mizizi haijayanywa, na mbolea inakwenda na maji hayo. Chini yake, sehemu nyingi, kuna mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe ya kale, wa aina inayochimbwa Wazo kwa ajili ya saruji na ambayo wazee wetu waliitumia kujenga misikiti ya Kaole na nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Palipo na chokaa nyingi, mmea hushindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo ardhini. Ndiyo maana mchungwa au mwaridi uliopandwa karibu na mwamba huota majani ya manjano yenye mishipa ya kijani, na mwenyewe anadhani ni ugonjwa.

Lakini kuna sababu nyingine ya uhaba wa udongo kwenye viwanja vyetu, nayo tunaisababisha wenyewe siku ya kwanza ya ujenzi. Kiwanja kikiwa bado pori kina tabaka lake la juu, sentimita 10 hadi 15 hivi, lenye rangi iliyokolea kuliko mchanga wa chini. Tabaka hilo limetengenezwa na majani ya mikorosho, nyasi na vichaka kwa miaka mingi. Linakuja tingatinga, linang'oa miti, linasukuma kila kitu pembeni. Fundi anachimba msingi na kumwaga mchanga wa chini juu ya udongo wa juu. Kisha kinaletwa kifusi cha kunyanyulia kiwanja, kinashindiliwa, na udongo ule mzuri unazikwa moja kwa moja. Miezi kumi na minane baadaye mwenye nyumba anatafuta namba ya mtu wa udongo.

Tufanye hesabu. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Nyumba, baraza na maegesho ya gari vikichukua mita za mraba 250, na ukakwangua sentimita 15 za juu katika eneo hilo tu kabla ya kuchimba msingi, unapata mita za ujazo 37.5 za udongo wako mwenyewe. Gari linalobeba mita za ujazo 5 lingehitaji kuja mara saba na zaidi kukuletea kiasi hicho. Ungeurundika kwenye kona moja, ukaufunika kwa makuti mvua isiuchukue, ukausubiri. Gharama yake ni vibarua wachache kwa siku mbili au saa chache za kijiko. Sijui kwa nini mafundi wetu hawalisemi jambo hili kwa mteja. Wasanifu wa majengo nao wanachora bustani nzuri kwenye ramani bila mstari mmoja unaosema udongo wa juu uhifadhiwe. Kama unajenga sasa na msingi haujachimbwa, habari hii ndiyo yenye faida kubwa kwako kuliko zote zitakazofuata.

Kwa wale ambao nyumba imeshasimama, hesabu inabaki moja: urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita. Watu hukosea kwenye kina. Bustani ya maua inayopita kando ya ukuta kwa mita 40, yenye upana wa sentimita 60, ina eneo la mita za mraba 24. Ukitaka udongo wa kina cha sentimita 25, unazidisha 24 kwa 0.25, unapata mita za ujazo 6. Udongo unaofika umevurugwa na una hewa nyingi ndani. Ukimwagiwa maji na kukanyagwa hushuka. Kwa hiyo ongeza sehemu moja ya tano, ifike mita 7.2. Basi. Asiye na kikokotoo akumbuke kwamba ndoo 50 za lita 20 ni mita 1 ya ujazo, na toroli la kawaida la ujenzi likijazwa vizuri linahitaji safari kama 16 kufikisha kiasi hicho.

Sasa angalia uwanja wa nyasi. Tuseme ni mita za mraba 150. Wauzaji wengi watakushauri uweke sentimita 15 za udongo mweusi eneo lote, yaani mita 22.5, na ukiongeza sehemu ya kushuka unafika mita 27. Ukijumlisha na maua ya ukutani unazidi mita 34, tripu saba za gari la mita 5. Hapo ndipo pesa inapopotea na hapo ndipo mabonde yanapochunwa, na nitarudi kueleza kwa nini nyasi hizo hazihitaji hata tripu moja kati ya hizo.

Kwanza tusimame getini, gari linapofika. Niliwahi kumwona mama mmoja wa Kerege akifanya kile ambacho kila mnunuzi angepaswa kufanya. Fuso limeingia kwa kurudi nyuma, kijana wa gari ameshashika komeo la mlango wa bodi, tayari kufungua.

"Shikamoo mama. Huu ni wa Ruvu, mweusi mtupu. Mita tano kamili."

"Marahaba mwanangu. Usifungue kwanza. Nipandishe nipime."

"Mama, sisi tunauza kwa tripu."

"Najua baba. Mimi nanunua kwa mita."

Alipanda na futi ya fundi. Urefu wa bodi kwa ndani ulikuwa mita 4, upana mita 2. Akamwomba kijana asawazishe kwa beleshi kile kichuguu kilichokuwa katikati, maana udongo ulipakiwa ukasimama kama kilima na pembeni ulikuwa chini sana. Uliposawazishwa akachomeka nondo nyembamba hadi kwenye bati la chini, akaisoma: nusu mita. Nne mara mbili mara nusu ni mita 4. Dereva alipiga simu kwa tajiri wake, wakazungumza kwa dakika chache, na mama akalipia mita 4. Hakuna aliyegombana. Dereva alimsaidia kushuka na akamuaga kwa heshima. Kijana yule huenda hakuwa na nia ya kudanganya. Alipakia alichoambiwa, na barabara ya vumbi kutoka bondeni ilikuwa imeushindilia mzigo njiani. Lakini mita nzima ilikuwa haipo, na bila futi ingelipiwa.

Upimaji ufanyike kabla ya kumwaga. Udongo ukishafika chini hakuna anayeweza kuthibitisha ulikuwa kiasi gani. Wala usikubali kuuziwa kwa tani. Mita 1 ya ujazo ya udongo wenye unyevu wa kawaida ina uzito wa kama tani moja na nusu, na mvua ikinyesha uzito unapanda bila udongo kuongezeka hata kidogo. Anayenunua kwa tani wakati wa masika ananunua maji.

Kipimo kikishajulikana, linabaki swali la kilichomo. Rangi nyeusi huwadanganya wengi. Udongo mweusi wa mabonde ya Ruvu na Wami mara nyingi ni mfinyanzi mzito, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu wakati wa mvua. Kwa mpunga na miwa ni hazina. Ukiumwaga juu ya mchanga wa Mapinga bila kuuchanganya, unapata tabaka mbili zisizoelewana: maji yanakaa juu kwenye mfinyanzi, hayashuki kwenye mchanga mpaka mfinyanzi ushibe kabisa, na mizizi inazunguka humo humo juu. Mvua ikinyesha bustani ni tope, jua likiwaka ni tofali. Nimeziona bustani nyingi za aina hii kando ya barabara ya Bagamoyo, na kila mara mwenyewe anafikiria kuongeza tripu nyingine. Dawa yake ni jembe. Mwaga nusu ya udongo, lima uingie kwenye mchanga kwa kina cha sentimita 20, kisha malizia iliyobaki na uchanganye tena.

Kuujua udongo kabla ya kuulipia ni kazi ya chupa moja ya maji. Omba sampuli, jaza theluthi ya chupa ya lita moja na nusu, ongeza maji karibu kujaa, tikisa kwa nguvu, uiache mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili. Udongo laini unafuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi unachelewa, siku moja au mbili, na maji yanabaki na ukungu muda wote huo. Vipande vya majani na mizizi vinaelea juu. Ukiona mfinyanzi umechukua nusu ya udongo uliotua, huo si udongo wa kumwaga peke yake. Ukidondoshea siki kwenye udongo mkavu ukatoa mapovu, una chokaa, na bustani yako ya pwani tayari inayo ya kutosha.

Chumvi haionekani kwenye chupa. Udongo uliochotwa karibu na mikoko ya mdomo wa Ruvu, au jirani na mashamba ya chumvi kama yale ya Nunge, unaweza kuwa mweusi wa kupendeza na usioteshe kitu. Hapa hakuna kipimo kizuri kuliko mchicha. Weka udongo kwenye kopo lililotobolewa, nyunyizia mbegu za mchicha, mwagilia maji ya bomba. Usitumie ya kisima, maana visima vingi vya jirani na bahari vina chumvi zake. Mbegu njema huota ndani ya wiki moja. Zikigoma, au zikiota na kuungua ncha za majani, mshukuru muuzaji na umwambie hapana. Mwenye mradi mkubwa, hoteli kwa mfano, asitegemee kopo. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina maabara ya udongo, na kituo cha TARI Mlingano, Tanga, kazi yake ni utafiti wa udongo.

Halafu kuna ndago. Yeyote aliyewahi kupalilia anamjua adui huyu, na bado watu wanamnunua kwa pesa. Ndago huzaliana kwa vijitunguu vidogo vyeusi vinavyoshikana kama shanga chini ya ardhi, na udongo wa mashamba yaliyolimwa bondeni unavyo kwa wingi. Ukikata jani, kijitunguu kinatoa jingine. Kwa hiyo pekua mzigo kwa mkono, chukua udongo kutoka katikati ya gari na si juu tu, ukande. Ukikuta vijitunguu vitatu vinne kwenye konzi chache, lirudishe gari. Pekua pia vipande vya chupa na nailoni, dalili kwamba udongo umechotwa kwenye dampo au mtaro. Watoto watacheza juu ya nyasi hizo bila viatu.

Nimeeleza kwa kirefu namna ya kununua kwa sababu najua watu wataendelea kununua. Lakini swali zito ni kule udongo unakotoka.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linasema inaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kupata sentimita 2 hadi 3 za udongo. Sasa ule uwanja wa nyasi wa mita za mraba 150 wenye udongo wa sentimita 15: ukichotwa bondeni kwa kina cha sentimita 20, unaacha zaidi ya mita za mraba 110 za ardhi zikiwa uchi. Uwanja mmoja kwenye kiwanja kimoja unakaribia kumaliza eneo sawa na lake. Zidisha kwa nyumba zinazojengwa kutoka Bunju hadi Bagamoyo. Mwenye shamba anayekubali kuchotwa udongo analipwa mara moja, kisha anabaki na shimo. Masika linajaa maji na kuwa hatari kwa watoto na makazi ya mbu. Kiangazi ni ardhi ngumu isiyoshika hata muhogo.

Na bonde la Ruvu si bonde la wengine. Maji yanayofika kwenye mabomba ya Tegeta, Bunju na Bagamoyo yanatoka mtambo wa Ruvu Chini. Wakazi wa Dar es Salaam na Pwani hawajasahau Oktoba 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka na mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgawo. Ukingo wa mto uliokwanguliwa udongo wa juu haunyonyi mvua. Unaiacha ikimbie na tope hadi mtoni, na tope hilo ni kazi ya ziada kwa mtambo. Mtu anayemwagilia nyasi zake kwa maji ya Ruvu juu ya udongo wa Ruvu anautoza mto huo mara mbili. Upande wa Kunduchi tulishaona mfano wa jambo linalofanana: wataalamu walihusisha mmomonyoko wa fukwe zake na uchimbaji wa mchanga kwenye mito ya jirani, mchanga ambao mito ingeufikisha baharini kujaza ufukwe. Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufukwe. Mnunuzi anayo haki ya kuuliza gari limepakia wapi, na dereva anayejibu "bondeni tu" amejibu vya kutosha.

Wapo watakaoniambia: mchanga huu hauoti kitu, mwandishi anataka tuishi na vumbi. Jibu langu liko Mombasa.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikichimba mwamba wa matumbawe wa pwani, ndugu wa mwamba wa Wazo. Baada ya miaka kadhaa kikabaki na mashimo makubwa, meupe, yenye joto kali na maji ya chumvichumvi chini yake, bila chembe ya udongo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kuotesha kitu humo. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizosalia ni tatu, na mojawapo ni mti ambao kila mkazi wa Bagamoyo anaujua: mvinje. Mvinje una vifundo kwenye mizizi yake vyenye vijidudu vinavyochukua naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo unaweza kujilisha mahali ambapo mti mwingine unakufa njaa.

Mivinje ikakua, ikaangusha majani yake membamba kama sindano. Lakini majani hayakuoza. Yalilundikana makavu kwenye mwamba, kwa sababu hapakuwa na kiumbe wa kuyasaga. Haller akagundua kwamba majongoo, wale wakubwa wa kawaida wa pwani yetu wenye miguu myekundu, wanayala. Akaagiza majongoo wakusanywe na kuachiwa kwenye shamba la mivinje. Majongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, na polepole ikatokea mboji nyeusi juu ya mwamba mtupu. Kwenye mboji hiyo ikapandwa miti mingine, wakaja ndege, wakaletwa wanyama. Leo pale ni Haller Park, ambako kiboko mtoto Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alifanya urafiki na kobe mkongwe Mzee na dunia nzima ikasikia.

Mboji hiyo si udongo kamili wa miaka 1,000, na sidai hivyo. Ila inatosha kupandia. Kama shimo la kiwanda cha saruji liliweza kutengenezewa udongo kwa majani na majongoo, bila kuchuna shamba la mtu, kiwanja cha Zinga chenye mchanga wake na mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka hakina sababu ya kushindwa. Bagamoyo yenyewe ina ushahidi wa zamani zaidi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868 walipanda minazi na miembe kwenye ardhi hii hii, na safu ya miembe inayoelekea misheni bado inatoa kivuli.

Kwa nyasi, pwani ina zake. Nyasi za Pemba, zile zenye majani mapana mnazoziona vitaluni zikiuzwa kwa vipandikizi, ni za asili ya fukwe za Bahari ya Hindi. Wataalamu wa mimea wanaziita Stenotaphrum dimidiatum. Zimezoea mchanga, zinavumilia upepo wa chumvi, zinakubali kivuli cha mnazi. Kuzimwagia sentimita 15 za mfinyanzi ni kuzitoa kwao. Zinachohitaji ni samadi iliyooza, tabaka la sentimita 3, likilimwa kuingia kwenye mchanga. Kwa uwanja wa mita 150 za mraba ni mita 4.5 za ujazo. Panda vipandikizi kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20 mvua za masika zikianza, na kabla ya vuli ardhi itakuwa imefunikwa.

Kwa maua ya ukutani, changanya mchanga wako wenyewe theluthi, samadi au mboji theluthi, na udongo wa kununua theluthi. Ile mita 7.2 inashuka hadi mita 2.4 za udongo, nusu ya tripu. Kutoka tripu saba hadi nusu tripu, kwa bustani ile ile.

Na mali ghafi imejaa pande zote. Wafugaji wa kuku wa Bunju na Mapinga wanatafuta pa kutupa maranda yenye mbolea. Yaache yaoze kwa miezi miwili au zaidi, maana mabichi yanaunguza mizizi. Samadi ya ng'ombe inapatikana kwa wafugaji wa upande wa Chalinze na Vigwaza. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa yanashika maji kwenye mchanga. Mwani unaotupwa ufukweni na mawimbi nao ni mbolea, mradi uachwe mvua iuoshe chumvi kwanza. Majani ya mwembe ambayo kila asubuhi tunayafagia na kuyachoma moto ni mali ghafi ya aina ile ile ambayo Haller aliitafutia majongoo. Naomba sana tuache kuyachoma.

Kwa wenye mamlaka nina maombi mawili. Wakala wa Vipimo unahakiki malori ya mafuta pale Misugusugu, mkoani humu humu Pwani, ili anayenunua lita apate lita. Mnunuzi wa udongo naye anastahili ulinzi huo: bodi la gari lipimwe, ujazo wake uandikwe ubavuni kwa rangi, usomeke. Na Halmashauri ya Bagamoyo idai kwamba risiti ya kila mzigo wa udongo ionyeshe kijiji ulikochotwa na idadi ya mita za ujazo. Serikali ya kijiji itakayoona jina lake kwenye risiti mia moja kwa mwezi itakuwa na la kuuliza kwenye mkutano wake.

Wewe msomaji hukosi futi ndani ya nyumba, au jirani anayo. Ipime bustani yako wikiendi hii, andika namba kwenye karatasi, na ukipiga simu kuagiza udongo uitaje namba hiyo kwa mita. Kisha muulize umetoka wapi. Asipokujibu, kata simu uende kwa mfuga kuku.